Shimano HG800 ya meno 11-34: kaseti ya kupandia kutoka Kerio hadi Iten

Kutoka Mto Kerio kurudi Iten, Kenya, kupitia Tambach kuna zaidi ya mita 1,000 za kupanda, na ukifika juu uko kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kaseti (seti ya gia za nyuma) ya meno 11-28, iliyokuja na baiskeli nyingi za mashindano za spidi 11, inatesa magoti kwenye barabara ya namna hiyo. Kwa mwanamichezo wa ridhaa mwenye gia za spidi 11, HG800 ndiyo ya kununua kwanza, mradi njia yenyewe iwe ya mlima kweli.

Tairi la 700x25 husonga karibu mita 2.1 kwa kila mzunguko. Chukua mwendeshaji anayepanda kona kali kwa kilomita 8 kwa saa, mbele ana gia ya meno 34. Akiwa na 28 nyuma, anazungusha pedeli mara 52 kwa dakika. Akiwa na 34, anafika 63. Mizunguko hiyo 11 humwezesha kubaki amekaa kitini. Kwa 28 atalazimika kusimama kila mara, na kusimama sana kwenye hewa nyembamba kama ya Iten kunamaliza pumzi mapema.

Faida hiyo ina gharama. Meno ya kaseti hii ni 11-13-15-17-19-21-23-25-27-30-34. Hakuna 12, 14 wala 16. Kundi likienda kilomita 36 kwa saa kwenye tambarare, mwenye 50 mbele atazungusha mara 86 kwa dakika kwa gia ya 15, au mara 74 kwa 13. Katikati hakuna kitu. Miguu inayopenda 80 itasumbuka saa nzima, na hilo ni kosa halisi la kaseti hii, si la kupuuza. Kama mashindano yenu ni ya vilima vifupi vya dakika mbili tatu, chukueni ya 11-30, iliyo na 12 na 14 zake.

Kabla ya kulipa, angalia dereila ya nyuma, kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia. Kwa seti ya vipuri ya Shimano 105 R7000, yenye mkono mfupi (SS) mwisho wake ni meno 30. Unahitaji ya mkono mrefu (GS), inayobeba 34. Duka likikwambia ya mkono mfupi “itavumilia”, usikubali.

Kufunga si kugumu, ila washa (pete nyembamba ya kujazia nafasi) ndiyo huwapotosha watu. Habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ya barabara ya spidi 11 inataka washa ya milimita 1.85 nyuma ya kaseti. Ukiisahau, nati ya mwisho itakaza hadi mwisho na kaseti bado itacheza ukiitikisa kwa vidole. Habu ya spidi 8, 9 au 10 haitaki washa yoyote, hata ile nyembamba ya milimita 1 iliyokuwa chini ya kaseti ya spidi 10: itoe. Paka grisi kidogo kwenye uzi wa nati, kaza kwa Nm 40.

Cheni iliyokatwa kwa ajili ya 28 huwa fupi mno. Weka baiskeli kwenye stendi, izungushe pedeli kwa mkono polepole, upandishe cheni kwenye 50 mbele na 34 nyuma. Mkono wa dereila ukivutwa mbele hadi kunyooka, simama hapo hapo na ufunge cheni mpya iliyo ndefu zaidi. Kosa hili likitokea barabarani, henga (kipande kinachoshikilia dereila kwenye fremu) hukatika na dereila huingia kwenye spoku. Ukiwa kwenye gia hiyo ya 34, rekebisha skrubu ya nyuma ya dereila hadi kigurudumu cha juu kiwe kama milimita 6 kutoka ncha za meno. Kikigusa, utasikia mngurumo na gia zitakuwa nzito kubadilika. Kikiwa mbali sana, cheni itachelewa kuruka kwenye gia ndogo.

Ruka ya mwisho, kutoka 30 hadi 34, ni ya meno manne. Ukiibadili huku unakanyaga kwa nguvu zote, cheni hugonga kwa kishindo. Badili mita chache kabla ya kona kuanza kuwa kali, ukilegeza miguu nusu mzunguko. Na unaposhusha mbele kutoka 50 hadi 34, teremsha nyuma gia mbili ndogo papo hapo: toka 50/21 (50 mbele, 21 nyuma) hadi 34/17. Miguu itaharakika kwa asilimia 19 tu, badala ya 47 ukiacha nyuma ilivyo.

Kwa wenye baiskeli za mitumba: nyingi ni za spidi 10, na kaseti hii itaingia kwenye habu zake vizuri kabisa lakini vishikio vya kubadilishia gia vya spidi 10 haviwezi kuiongoza. Angalia pia kranki, mikono ya pedeli inayobeba gia za mbele. Ile ya mikono mitano, yenye mduara wa bolti wa milimita 130, haipokei gia ya mbele chini ya meno 38. Aliyebadilisha vishikio na dereila ya nyuma, akabaki na gia za 53 na 39 mbele, atapata 39/34, ambayo bado ni nyepesi kuliko 34/28.