Uzoefu wangu na chakula cha tiba kwa mbwa wa Dalmatian

Mbwa wangu ni Dalmatian dume wa miaka 6, na chakula ninachokieleza hapa ni kile kikavu cha kuzuia vijiwe vya kibofu, kinachotolewa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, ambacho amekila kwa miezi 14 sasa. Nilikianza baada ya asubuhi moja nilipomwona akiinua mguu kwenye ukuta uleule mara nne au tano, akijikamua, na kuambulia matone machache yenye rangi ya chai. Eksirei haikuonyesha kitu, kwa kuwa vijiwe vya yureti (chumvi ya asidi ya yuriki) mara nyingi havionekani humo. Ni kipimo cha ultrasaundi kilichovifichua, vimelala chini ya kibofu kama changarawe.

Mbwa wengi huigeuza asidi ya yuriki, itokanayo na purini (kemikali iliyomo kwa wingi kwenye vyakula kama ini, figo na dagaa), kuwa alantoini, ambayo huyeyuka na kutoka na mkojo bila shida. Dalmatian, kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo SLC2A9, huitoa asidi hiyo kwa wingi kama ilivyo, nayo huweza kuganda kuwa vijiwe, na madume ndio huzibwa zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni nyembamba.

Chakula hiki hupata sehemu kubwa ya protini yake kwenye mayai, yenye purini kidogo mno, na hakina ini, figo wala dagaa. Tangu aanze kukila, mkojo wake ukipimwa asidi (pH) kwa karatasi husoma karibu na 7, yaani si wa asidi, na vipimo viwili vya ultrasaundi vilivyofuata upasuaji wa kuvitoa vijiwe vimekuwa safi. Anakipenda, ingawa kusema kweli huyu hula hata soksi.

Lawama zangu ni mbili. Maji, ambayo kwa mbwa wa aina hii ni nusu ya tiba, yametajwa kwa mstari mmoja tu ubavuni mwa mfuko, kwa herufi za kutafutia miwani. Mimi huziloweka punje kwa maji ya uvuguvugu hadi zivimbe na kulainika, kisha naongeza maji mengine juu, naye huyalamba yote kabla hajazigusa. Lawama ya pili ni kikombe cha kupimia kilichokuja na mfuko: nilipokiweka kwenye mizani ya jikoni, kilibeba chakula kingi kuliko gramu zilizoandikwa, na wakati huo mbwa alikwisha kuanza kunenepa.

Kosa jingine lilikuwa langu. Nilikuwa nikimtuza kwa biskuti za kampuni nyingine zilizoandikwa kuwa ni za mbwa wenye matumbo mepesi, hadi siku niliposoma orodha ya viambato na kukuta ini la kuku likiwa la tatu. Siku hizi humpa vipande vya karoti.

Naendelea kukinunua. Kikombe chao nakitumia kuchotea mbolea ya maua.