Miezi saba ndani ya kizimba: uzoefu wangu na chumba cha dereva kwenye basi la Kampala–Mukono

Nimeendesha mabasi ya abiria kwa miaka 11, na mitano ya mwisho nimekuwa kwenye njia ya Kampala–Mukono. Miezi saba iliyopita tajiri wangu aliamua kulifungia basi letu chumba cha dereva, yaani ukuta na mlango vinavyonitenga na abiria. Siku ya kwanza, tulipofika Nakawa, mzee mmoja alinitazama akasema kwamba leo mshtakiwa amefikishwa kizimbani. Basi zima likaangua kicheko, na tangu hapo hata fundi hukiita kizimba.

Kimeundwa kwa nguzo mbili za chuma zilizokazwa kwa bolti sakafuni na darini, ukuta nyuma ya kiti, na mlango ubavuni kwangu kushoto. Nusu ya chini ya mlango ni bati, na nusu ya juu ni polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga na isiyopasuka vipande kama kioo. Kuna kidirisha cha kuteleza cha kupitishia karatasi za safari, na komeo liko upande wa ndani peke yake.

Sikukipokea kwa shingo upande, kwa sababu nilikuwa na yangu ya kukumbuka. Jioni moja ya mvua mwaka jana, abiria aliyesinzia alipitiliza Kireka, akazinduka tukiwa tunaikaribia Bweyogerere, akaja mbele akidai kwamba nilimpitisha makusudi. Kondakta alikuwa nyuma akikusanya nauli. Yule bwana alinishika ukosi, na nilipokataa kusimama katikati ya barabara akaunyakua usukani. Basi liliyumba kushoto, walikokuwa bodaboda wawili waliojifunika maturubai. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote, na mama aliyekuwa kiti cha mbele akapasuka mdomo kwenye chuma cha kushikia. Nilipotoa taarifa ofisini niliulizwa kwanza kama basi lilikwaruzika.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kizimba ni cha kumlinda dereva, huwa namsahihisha: kinacholindwa hasa ni usukani, na pamoja nao kila aliyemo ndani ya basi na aliye kando ya barabara. Huko Wanzhou, Chongqing, nchini China, tarehe 28 Oktoba 2018, abiria aliyepitwa na kituo chake alimpiga dereva, dereva akajibu, na basi likavunja ukingo wa daraja na kutumbukia katika mto Yangtze likiwa na watu 15. Hakuna aliyenusurika. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kituo, kama ule wangu wa Kireka.

Miezi miwili iliyopita nilipata kukijaribu kizimba kwa kweli. Kijana aliyelewa alianza kuupiga mlango ngumi tulipoondoka Banda, akapiga na kutukana hadi Kireka, nami niliendesha kwa mwendo uleule, nikaegesha kwenye siteji, nikamwachia kondakta na askari wa trafiki. Mikono yangu haikutetemeka. Kilichobaki ni alama za vidole vyenye mafuta ya chapati, ambazo nilizifuta Mukono kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni. Nasema sabuni kwa makusudi, kwani utingo wetu aliwahi kuisafisha plastiki hiyo kwa petroli, ikaingia ukungu usiotoka, na ikabidi bamba zima libadilishwe.

Kasoro kubwa ilijitokeza gizani. Huku kwetu dereva hukaa kulia, na kioo cha pembeni cha kushoto, ambacho ndicho kinachonionyesha mlango wa abiria na bodaboda wanaojipenyeza, nilikuwa nakitazama kupitia plastiki. Mchana hapakuwa na neno. Ikifika saa moja jioni, taa za ndani zikiwashwa, plastiki hugeuka kioo cha kujitazamia: badala ya kuona barabara naona sura za abiria wa kiti cha mbele na shati langu mwenyewe. Kwa wiki tatu niliinua shingo kama mbuni kila nilipotoka kituoni. Fundi alitatua jambo hili kwa kulikata bamba mshazari upande wa mbele ili jicho lipite kwenye nafasi tupu, na kwa kuizima taa moja iliyo juu ya safu ya kwanza. Anayetaka kununua asikikague karakanani saa nne asubuhi. Amkalishe dereva wake kitini usiku, taa zikiwa zimewashwa.

Jambo la pili ni njia ya kutokea. Tarehe 28 Oktoba 2016 huko Brisbane, Australia, abiria alimmwagia dereva Manmeet Alisher kitu kinachowaka na kumchoma moto hadi akafa, na abiria waliokuwamo waliokolewa na dereva wa teksi aliyeuvunja mlango wa nyuma kwa mateke. Tukio hilo lina mafunzo mawili yanayovutana: ukuta uwe mzima kiasi cha kuzuia kilichomwagwa, lakini anayekaa ndani aweze kutoka upesi. Basi letu halina mlango wa dereva upande wa kulia. Komeo la kwanza lilikuwa la kuzungusha, na nililikataa. La sasa nalisukuma kwa kiganja, nami hujaribu kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, mkanda ukiwa umefungwa, kuhakikisha kwamba natoka bila kutafuta.

Sauti ni suala dogo. Kondakta wangu alizoea kugonga bodi kwa sarafu, mara moja nisimame na mara mbili niondoke, na mlio huo bado nausikia. Maneno yake ndiyo siyasikii vizuri.

Joto, hata hivyo, si dogo. Foleni ya Bweyogerere saa nane mchana, injini ikiunguruma karibu na miguu na upepo wa madirisha ya abiria ukiishia ukutani, hunitoa jasho hadi kiti kinalowa. Tajiri ameahidi feni. Natoa nyota nne kati ya tano, na ya tano naishikilia mpaka feni hiyo ifungwe.