Darubini ya 10x50 kutoka Arusha, na Puto Lililotafutwa katika Anga ya Moshi

Mwezi Februari mwaka 2023, siku chache baada ya jeshi la Marekani kulitungua puto la China, nilinunua darubini ya macho mawili katika duka la vifaa vya safari jirani na Mnara wa Saa mjini Arusha. Ni ya 10x50, yaani hukuza kitu mara 10 na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 50. Ilikuwa imeshatumika, na baada ya kupatana niliipata kwa shilingi 180,000. Wengi huzinunua kwa ajili ya wanyama wa mbugani. Mimi niliinunua kwa sababu mtaani kwetu Moshi kila kilichong'aa angani kilikuwa kimeshaitwa puto la kijasusi, na wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza maswali ambayo sikutaka kuyajibu kwa kubahatisha.

Muuzaji alinihudumia vyema. Aliniruhusu nitoke nayo hadi barazani, nikaielekeza Mlima Meru, naye akasubiri bila kunihimiza huku nikizungusha gurudumu la katikati mpaka makorongo ya karibu na kilele yakajitenga moja moja. Kasoro nilizigundua nyumbani: bomba la kulia lina doa la ukungu pembeni, ambalo mchana halionekani lakini usiku hutawanya mwanga, na mkanda wa shingoni ulikatika wiki ya pili. Kuhusu lile doa nilistahili kuambiwa kabla ya kulipa.

Jaribio lenyewe lilikuwa jioni moja mwishoni mwa Februari, saa moja na robo, wakati nuru mbili kali zilipokuwa zimesimama upande wa Meru, jua linakozama. Jirani yangu, mzee mstaafu, alikuwa na hakika. "Mwalimu," aliniambia, "lile la chini ni la Wachina, na la juu ni Wamarekani wanalifuatia." Nilimwamkia, nikaegemeza viwiko ukutani kwa kuwa darubini inayokuza mara 10 hukuza pia mtetemo wa mikono, nikatazama. La chini lilikuwa sayari ya Zuhura. La juu, sayari ya Mshtarii (Jupita), lilikuwa duara dogo lenye vitone vilivyojipanga mstari mmoja, ambavyo ni miezi yake. Nilimpa mzee naye atazame. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mbona lina watoto?"

Puto lile, kama kweli lingepita juu yetu, lingeonekana bila shaka yoyote. Lilikuwa na urefu wa takriban mita 60 na lilielea kilomita 18 hivi kutoka ardhini, sawa na kuupandanisha Mlima Kilimanjaro mara tatu, kwa hiyo kwa macho matupu lingekuwa kama theluthi ya upana wa mwezi mpevu. Ndiyo maana wakazi wa Billings, mji wa jimbo la Montana nchini Marekani, waliliona mchana kweupe tarehe 1 Februari.

Kwa kazi ya kutambua umbo, basi, chombo hiki kinatosha kabisa. Lakini mabishano ya dunia nzima yalihusu kilichobebwa na puto na nia ya waliolirusha, mambo ambayo hakuna lenzi inayoyafikia. China ilisema ni chombo cha utafiti wa hali ya hewa kilichopeperushwa na upepo. Marekani ilisema ni cha ujasusi, na kwamba kilipita Montana, ambako kuna makombora ya nyuklia. Tarehe 4 Februari ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-22 ililitungua kwa kombora moja karibu na pwani ya South Carolina, baada ya kusubiri livuke nchi kavu ili mabaki yasiwaangukie watu, na wapiga mbizi wakayafuata baharini. Mwezi Juni Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ikasema puto lile halikukusanya taarifa lilipokuwa juu ya Marekani.

Tarehe 10, 11 na 12 Februari vitu vingine vitatu vilitunguliwa, Alaska nchini Marekani, Yukon nchini Canada na juu ya Ziwa Huron, mpakani mwa nchi hizo mbili. Marubani walivisogelea kuliko mtu yeyote, na bado hawakuweza kusema ni nini. Jenerali mmoja wa Marekani, alipoulizwa kuhusu viumbe wa sayari nyingine, alijibu kwamba bado hajaondoa uwezekano wowote, na jibu hilo likafika kwenye simu za mtaani kwetu kama kukiri. Siku chache baadaye Rais Biden alisema huenda vilikuwa vya kampuni binafsi, vya burudani au vya utafiti, lakini hilo sikumsikia yeyote akilisimulia. Liliniumiza, kwa sababu watoto walilala na hofu kwa ajili ya nusu ya habari.

Kwa bei ile ningeinunua tena. Anayetaka ya namna hii afike dukani jioni, aielekeze kwenye taa ya mbali, afumbe jicho moja kisha jingine, na ukungu utajionyesha. Niliporudi mwezi Machi, muuzaji alinipa mkanda mpya bila malipo. Kuhusu doa alisema linahitaji fundi wa lenzi, naye hakuwa na wa kunielekeza.