Tahadhari: Anakuonyesha Tairi Lenye Kinga ya Pancha, Kisha Anakukabidhi Tairi Tupu

Wenzangu mnaokwenda kazini kwa baiskeli, naomba msome andiko hili kabla hamjampa mtu yeyote fedha zenu kwa ajili ya matairi yanayosemekana kuhimili miiba na misumari. Yupo muuzaji mwenye maneno laini ambaye anayanadi matairi yenye tabaka la kinga, anakuonyesha tabaka hilo kwa macho yako mwenyewe, kisha anakukabidhi matairi yasiyo na tabaka lolote. Mimi ni mmoja wa waliouziwa. Naandika nikiwa na hasira, na sitaficha kwamba naandika nikiwa na fedheha pia, kwa kuwa baadhi yenu mlikuja kuniuliza ni tairi gani linafaa kwa safari za kila siku, nami nikawajibu kwa furaha kwamba hatimaye nimelipata.

Sababu iliyonifanya niyatafute matairi hayo ni pancha za mara kwa mara njiani. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimechoka kubeba viraka, gundi na tyubu ya akiba kila ninapotoka nyumbani, na kwamba nilikuwa tayari kulipa zaidi na kukanyaga tairi zito zaidi ili nifike kazini mikono ikiwa safi.

Mtu huyu alianza kwa kuniuliza maswali ambayo wauzaji wengi hawayaulizi. Aliuliza njia yangu ina lami au changarawe, ninabeba mzigo wa namna gani, na kama pancha zangu nyingi hutokea gurudumu la nyuma. Nilipomwambia kwamba ndivyo, akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia dalili aliyoitarajia, akaeleza kwamba gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji, na kwamba mara nyingi kitu chenye ncha huinuliwa na gurudumu la mbele kisha kikalichoma la nyuma. Akaendelea kueleza kwamba kuna kinga za aina mbili: mkanda mwembamba wa nyuzi ngumu uliofumwa na kulazwa chini ya kashata, yaani mpira wa nje unaokanyaga barabara, ambao huzuia vizuri vigae vya chupa lakini unaweza kupenywa na mwiba mwembamba unaopita katikati ya nyuzi, na tabaka nene la mpira laini ambalo hufanya ncha ya msumari iishie njiani kabla haijaifikia tyubu. Kisha akafungua mkoba wake na kutoa kipande cha tairi kilichokatwa kwa kisu, upana wake ukionekana wote kuanzia kashata hadi ndani.

Kipande hicho nilikishika mwenyewe. Niliona mpira mweusi wa kashata, chini yake tabaka nene la mpira wa rangi nyingine, na chini yake kitambaa cha nyuzi. Akanipa pini ya kubandikia karatasi, akasema, "Kaka yangu, usiniamini mimi, bonyeza wewe." Nikabonyeza kwa kidole gumba hadi kichwa cha pini kikagusa kashata na kidole kikauma. Nikakigeuza kipande, nikapapasa upande wa ndani polepole kwa ncha ya kidole nikitafuta angalau kijinundu, nikakuta ni laini kabisa. Nikarudia mahali pengine, nikapata jibu lilelile. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, bila kunihimiza, na hata sasa nikiukumbuka utulivu ule damu inanichemka, kwa sababu alijua vizuri kwamba kipande kile na matairi niliyokuwa karibu kuyalipia havikutoka katika kiwanda kimoja.

Nilipokubali, alikwenda nyuma, akarudi na matairi mawili yaliyofungwa kwa nailoni nyeusi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikamwomba ayafungue. Akasema kwamba tairi likishafunguliwa hawezi kulirudisha ghalani mteja akighairi, lakini kwa kuwa mimi ni mtu makini atanionyesha maandishi. Akachana kidirisha kidogo kwa ukucha, na hapo ubavuni nikasoma 37-622, kipimo kilekile cha baiskeli yangu, na pembeni yake neno KEVLAR kwa herufi za manjano. Nikalipa.

Nataka ieleweke kwa nini nilimwamini, kwa maana nimekwisha kusikia mtu akisema kwamba asingelaghaika yeye. Karibu kila neno alilolisema mtu huyu kuhusu matairi lilikuwa la kweli. Alisema Kevlar ni nyuzi za aramidi, zilezile zinazotumika katika fulana za kuzuia risasi, na hilo ni kweli. Stephanie Kwolek alizigundua akiwa katika kampuni ya DuPont mwaka 1965, na watengenezaji wa matairi wanazitumia hadi leo. Alisema yapo matairi yenye tabaka la mpira lenye unene wa milimita 5, na hilo pia ni kweli. Schwalbe Marathon Plus ndilo mfano unaojulikana zaidi. Alisema tairi la namna hiyo ni zito, na niliponyanyua yale aliyonipa yalikuwa mazito kweli, nami najua kwamba tairi lenye kinga nene katika upana huo huweza kukaribia kilo moja. Sikujua kwamba uzito unaweza kutokana na mpira hafifu uliojazwa kwa wingi. Muuzaji asiyejua kitu hugundulika kwa maswali mawili matatu. Huyu alikuwa anajua, na elimu yake ndiyo aliyoitumia kunivua fedha.

Pancha ilikuja upesi kuliko nilivyopata kuipata hata katika matairi yangu ya zamani yaliyoisha kashata. Gurudumu la nyuma lililegea barabarani, nikashuka, nikatoa tyubu, nikakuta tundu moja upande wa nje, na katika tairi, mahali palepale, kiwaya chembamba kama unywele, cha aina inayoachwa barabarani na matairi ya malori yaliyopasuka. Nilijaribu kujituliza kwamba kiwaya kama hicho kinaweza kupenya mkanda wa nyuzi. Lakini mimi niliahidiwa tabaka nene, na kiwaya kile kilikuwa kifupi kuliko unene wa tabaka nililolibonyeza kwa pini.

Nilimpelekea fundi wangu, ambaye mnamfahamu na mnajua hasemi mengi. Alilibana tairi kati ya vidole vyake juu ya kashata, akalikunja, akaniambia, "Hili halina kitu ndani." Kwa ridhaa yangu akalikata. Palikuwa na mpira wa kashata, kisha kitambaa cha nailoni cha kawaida, basi. Hapakuwa na mpira wa rangi nyingine wala mkanda uliofumwa. Kilichokuwepo ni mstari wa manjano uliopakwa rangi upande wa ndani, ili yeyote atakayechungulia bila kukata adhani ameuona uzi wa aramidi.

Yaliyofuata yalinishtua zaidi ya hayo. Fundi alisugua maandishi ya ubavuni kwa kitambaa chenye petroli, na kibandiko kikaanza kuchubuka. Chini yake, katika mpira wenyewe, kulikuwa na maandishi yaliyofinyangwa pamoja na tairi kiwandani: 32-622, na kiwango cha juu cha upepo psi 65. Kibandiko kilikuwa kimeandika 37-622 na psi 85. Kwa wasiozoea namba hizi, ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Kwa hiyo niliuziwa tairi jembamba kuliko nililolilipia, nikaambiwa nilijaze upepo kupita kiwango ambacho mtengenezaji wake mwenyewe amekiruhusu, na nikalijaza, kwa sababu kibandiko kiliniambia hivyo. Tairi lililojazwa kupita kiasi linaweza kuchomoka kwenye rimu kwa mlipuko. Lingekuwa la mbele, katikati ya magari, pengine andiko hili lingeandikwa na mtu mwingine.

Nilipomrudia muuzaji, utulivu ulikuwa umemwisha. Kwanza alisema niliendesha nikiwa na upepo mdogo. Nikamweleza kwamba pancha ya upepo mdogo hutokea pale tyubu inapobanwa kati ya rimu na kitu barabarani, na kwa kawaida huacha matundu mawili yaliyo sambamba, ilhali langu lilikuwa tundu moja upande wa kashata, na kiwaya nilikuwa nacho mkononi. Akabadilisha maneno, akasema kwamba hakuna mahali alipoahidi Kevlar iko chini ya kashata. Kevlar, alisema, iko kwenye ukingo. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hii ndiyo hila itakayowapata wengi. Ni kweli kwamba matairi yanayokunjika huwa na uzi wa aramidi ukingoni badala ya waya wa chuma, na ni kweli kwamba uzi huo wa ukingoni hauzuii pancha hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kulishika tairi kwenye rimu. Mtu anaweza kuandika neno Kevlar ubavuni na kuwaacha wanunuzi wadhani ni kinga. Lakini hata utetezi huo haukuwa wa kweli. Niliomba sumaku kwa kijana wa karibu, nikaigusisha ukingoni mwa tairi mbele yake, ikanata. Chuma kitupu. Akaniangalia bila kusema neno, kisha akajifanya ana mteja mwingine.

Mtu wa namna hii hastahili kuitwa mfanyabiashara, na sikubaliani na wanaosema nimsamehe kwa sababu kila mahali kuna bidhaa hafifu. Bidhaa hafifu ni ile inayouzwa kwa jina lake. Tairi la kawaida lisilo na kinga ni kitu halali, wengi wetu tunalitumia na kulishukuru, na angelinadi hivyo nisingekuwa na neno. Yeye alifunika kipimo cha upepo kwa kibandiko cha uongo. Huyo anapaswa kunyang'anywa shehena yake yote, matairi yakatwe mbele ya watu, arudishe fedha za kila aliyemwuzia, kisha ajibu mashtaka ya kuhatarisha maisha pamoja na ya udanganyifu. Na wale wanaombandikia vibandiko hivyo watafutwe pia, kwa sababu kazi ile haikufanywa na mtu mmoja usiku mmoja. Herufi zimenyooka, rangi imeshika, na namba zimechaguliwa na mtu anayejua wanunuzi wanatafuta nini.

Mmeniuliza mtamtambuaje. Atakuonyesha kipande kilichokatwa na atakataa kulifungua tairi utakaloondoka nalo. Likifunguliwa, libane juu ya kashata kwa vidole na ulinganishe na ubavu: penye tabaka nene utahisi mnofu, pasipo na kitu patakunjika kirahisi. Kipimo na kiwango cha upepo vitafute vilivyofinyangwa katika mpira, hata kama kuna nembo nzuri iliyobandikwa kando yake, na pitisha ukucha kwenye kingo za maandishi. Idadi ya nyuzi kwa inchi, ambayo pia aliitaja kwa majivuno, isikushawishi; nyuzi nyingi na nyembamba hulifanya tairi liwe jepesi na laini, si lazima ligome kuchomwa. Alinihakikishia pia kwamba sitapata pancha maisha yangu yote, neno ambalo watengenezaji wenyewe hawathubutu kulisema kuhusu tairi la upepo. Na risiti yake iliandikwa "matairi mawili ya baiskeli" tu, bila jina, bila aina, bila kipimo. Yapo na mengine, lakini kwa sasa akili yangu iko kwenye kumfikisha mtu huyu anapostahili kufika.

Aliyekwisha kununua kwake apunguze upepo leo hii hadi kiwango kilichofinyangwa chini ya kibandiko, na kama hakisomeki alitoe tairi hilo, kwanza la mbele. Asilitupe. Kilichobaki cha tairi langu, kibandiko, kiwaya na risiti nimevihifadhi, na nahitaji ushahidi wa wengine ili lalamiko lisionekane ni la mtu mmoja mwenye kinyongo. Tena mtu asikubali kubadilishiwa kimyakimya kwa sharti la kunyamaza, kwani ndivyo nilivyoambiwa mimi siku ya mwisho nilipomkabili. Nilikataa, na lalamiko langu la maandishi limekwisha kupokelewa na wanaohusika na haki za wanunuzi.