Notisi ya utayari, na vumbi la makaa: uzoefu wangu wa kukodi meli ya kichele

Urefu wa meli na idadi ya winchi zake sisimulii. Hayo yamo kwenye karatasi. Mimi nina hasira na vumbi.

Tulikodi Handysize, meli ndogo kiasi ya kichele, yaani ya mzigo unaomwagwa bila magunia, kwa safari moja, ibebe ngano tani 30,000 hivi. Dalali aliisifu kama anayeposea mtoto wake: meli safi, wenyewe waungwana. Shehena yake ya nyuma ilikuwa makaa ya mawe. Hilo lilinitia wasiwasi tangu mwanzo, lakini tukaandikiana wazi kwamba matumbo yote matano, yaani vyumba vya mzigo, yawe yamefagiwa, yameoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi, yamekauka na hayana harufu. Mabaharia watasafisha njiani, nikaambiwa. Haya.

Meli ikafika, magati yamejaa, ikatia nanga nje. Asubuhi ile ile nahodha akatuma notisi ya utayari, taarifa kwamba meli iko tayari kupakia. Mkataba wetu ulikuwa GENCON ya 1994, fomu ya kawaida ya kukodi meli kwa safari, na humo notisi ikiingia kabla ya saa sita mchana, muda wa kupakia unaanza kuhesabiwa saa saba. Hata kama meli bado inaelea nje. Kwa hiyo tulikaa karibu wiki nzima tukiitazama, na muda unahesabiwa upande wangu mimi.

Siku ilipofunga gati, mkaguzi akashuka na tochi na kitambaa cheupe. Tumbo la kwanza sawa. La pili akapitisha kitambaa nyuma ya mataruma, zile mbavu za ndani, kikarudi cheusi ti. La nne vilevile, na magamba ya kutu yakidondoka juu ya bega lake. Hakupandisha hata sauti. Akaandika "imekataliwa" akapanda ngazi.

Nikapiga simu ofisi ya wenye meli. Nilitegemea pole, au angalau kigugumizi. Kijana aliyepokea akanijibu, "Bwana, muda unahesabika. Soma mkataba." Akakata. "Bwana" ya namna ile afadhali mtu akutukane ukajua moja.

Basi nikausoma, usiku kucha. Kifungu cha sita kinasema meli ikikaguliwa ikaonekana haiko tayari, muda unaopotea baada ya kugundulika hivyo, mpaka iwe tayari tena, hauingii kwenye hesabu. Nikacheka peke yangu. Siku tatu za kufagia na kuosha upya zilikuwa zao, si zangu, na yule kijana hakujua hata karatasi aliyonitupia.

Ila soma tena: baada ya kugundulika. Je, ile wiki ya kwenye nanga? Mkataba unasema ihesabiwe kana kwamba meli iko gatini na iko tayari, mradi nahodha athibitishe kwamba kweli iko tayari. Na nahodha alithibitisha! Alikuwa na makaa tumboni akaandika kwamba yuko tayari kupokea chakula cha watu.

Hapo ndipo hukumu yangu inapochanganyikiwa, kwa sababu nahodha yule nilimpenda. Ukaguzi ulipofeli, alishuka mwenyewe na ufagio pamoja na vijana wake, akaniomba radhi mbele yao. Ofisini hakuna aliyefanya hivyo. Nina hakika aliamriwa apeleke notisi hata kabla nanga haijagusa chini. Lakini sahihi ni yake. Sijui nimkasirikie nani.

Dai lao la dimareji, malipo ya kuichelewesha meli kupita muda wa mkataba, lilihesabu kila kitu, hata siku za ufagio. Tulivutana miezi, siku za ufagio wakaziacha, wiki ya nanga tukagawana nusu kwa nusu. Dalali akanituliza eti kiburi chao ni cha soko: kipimo cha bei za kukodi meli za mzigo mkavu cha Baltic Exchange, soko la meli la London, kiliwahi kufika 11,793 mwezi Mei 2008, na Desemba mwaka ule ule kikawa 663. Soko likiwa juu karani hajui adabu, likianguka atakuita mheshimiwa. Pengine. Mimi adabu naitaka bila kusubiri soko.

Nilisema kwa kila aliyenisikiliza kwamba sitakodi tena kwao. Halafu ngano ikafika kavu, hakuna gunia la malalamiko, vifuniko havikuvuja tone, na safari yenyewe haikupoteza hata siku moja. Hilo nalo lazima niliandike, ingawa linaniuma. Meli ni nzuri. Nahodha ni mzuri, nadhani. Ofisi ile moto.

Juzi dalali kanipigia: meli ile ile iko karibu na inatafuta mzigo. Nikamwambia nina swali moja tu, imetoka kubeba nini? Akasema atauliza. Bado nasubiri.