TAHADHARI: Muuza mikanda ya risasi za shotigani anayesema yuko Kariakoo

Wakuu, habari za majukumu. Naandika kwa wenzangu wa kampuni binafsi za ulinzi, hasa wasimamizi wa malindo, na kwa wale wenye shotigani zao za halali huko mashambani. Kuna mtu anauza mtandaoni mikanda na vibao vya kushikia risasi. Anasema duka lake liko Kariakoo na mikoani anatuma kwa basi. Msimtumie hela. Sisi huku Mwanza ametupiga shilingi 480,000, na hela ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Kazini kwetu tuna pampu, yaani shotigani za kukokota kwa mkono, za namba 12. Namba ni kipimo cha upana wa mtutu, na inavyokuwa kubwa ndivyo mtutu unavyokuwa mwembamba. Kila mlinzi wa usiku anakabidhiwa risasi kumi, zinaandikwa kitabuni jioni na kuhesabiwa tena asubuhi. Zile zisizoingia kwenye bunduki walikuwa wanaziweka mfuko wa suruali au wa koti, pamoja na funguo, simu na chenji ya chai. Tulipokwenda kulenga shabaha niliwapa zoezi la kujaza upya wakiwa wamesimama. Kijana mmoja akachomoa risasi mfukoni, akaisukuma kwenye magazini kinyumenyume. Ikagoma. Kuitoa, ikamdondoka. Mfukoni risasi hugeuka inavyotaka, na usiku, mkono ukiwa na jasho, hujui shaba, kile kitako cha risasi, iko juu au chini mpaka uinamishe macho. Ukiinamisha macho, geti halina mtu. Ndipo nikamwomba meneja tutafute kitu cha kuzishika zikae mahali pamoja, zimeelekea upande mmoja.

Picha za huyu bwana zilinivutia: mkanda wa ngozi nene ya kahawia umelazwa juu ya meza ya mbao iliyoungua kona ya kulia. Simu anapokea haraka, na kila neno ni "bosi wangu". Ni ngozi kweli? "Ngozi tupu, bosi wangu." Na vile vibao vya ubavuni, vinavyofungwa ubavuni mwa bunduki, vinaingia pampu gani? "Zote."

Jibu hilo peke yake lilitosha kunisimamisha, na sikusimama. Kibao cha ubavuni hushikwa na skrubu zinazopita kwenye matundu ya pini za bunduki yenyewe. Kilichotengenezwa kwa pampu ya Remington 870 hakikai kwenye ya Mossberg 500, na pampu za Uturuki nyingine zina vipimo vyake. Muuzaji anayejua mali yake huanza kwa kukuuliza una bunduki gani. Huyu aliuliza tu natuma kwa mtandao gani. Tuliagiza mikanda minane ya 45,000 na vibao vitatu vya 40,000. Tukatanguliza nusu. Kesho yake akasema mzigo umeshafika stendi, tumalizie ndipo atutajie jina la basi. Tukamalizia.

Siku tisa baadaye nikafungua boksi. Ngozi hakuna. Ni kitambaa kilichopakwa rangi, ukikwangua kwa ukucha kinachubuka na uzi mweupe unaonekana chini. Vitanzi ni vya lastiki laini kama ya kiunoni mwa kaptula ya mtoto, na havilingani: kimoja risasi inacheza, cha pili yake haiingii kabisa. Nikampigia. Maneno aliyonijibu ndiyo yaliyonikalisha kuandika haya: "Hivyo vidogo ni vya namba 20, bosi wangu. Changanyeni tu. Na risasi zenyewe ninazo, nitawapa bei poa."

Someni hapa polepole. Risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya 12. Ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya namba 12 haikai kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu ambako huioni. Mlinzi anavuta kifyatulio, kimya. Anadhani hakupakia, anaingiza ya namba 12 nyuma yake, anafyatua tena. Mtutu unapasuka karibu na pale mkono wake wa mbele uliposhika. Kwa hatari hiyohiyo viwanda hutia namba 20 ganda la njano, ili mtu aitambue kwa kuitupia jicho. Lakini saa nane za usiku nyuma ya ghala hakuna njano wala nyekundu. Namba mbili tofauti zisikae mkanda mmoja, wala lindo moja.

Na hizo risasi za bei poa: kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, risasi haziuzwi wala kununuliwa bila kibali. Anayekutajia bei yake kwenye simu kama anauza nyanya, kata simu. Ukikamatwa nazo yeye hatakuwepo.

Sasa lile linaloniuma. Wakati tunamdai aturudishie hela, niliruhusu mikanda miwili itumike. Usiku wa tatu mlinzi wetu alisikia kishindo nyuma ya ghala, akakimbia, akaruka mtaro. Asubuhi kitabu kinasema kumi, mezani ziko nane. Tulipiga magoti kwenye matope watu sita, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne. Moja tuliikuta chini ya migomba, ganda jekundu limelowa. Ya pili hatujaiona mpaka leo. Nilikwenda mwenyewe kituoni kutoa taarifa, na mlinzi akahojiwa mchana kutwa, mtu ambaye miaka yote hesabu yake haijawahi kupishana. Pale kwenye mtaro watoto hupita wakienda shule. Kila nikipita naangalia chini.

Kwa anayetafuta sasa hivi, nawaambia tulikofikia. Kwa risasi kumi hamuhitaji mkanda wa nafasi 25. Ule unafaa anayeshinda porini, na ukijaa una zaidi ya kilo moja kiunoni. Kwa lindo mimi nimeipenda soksi ya kitako, kile kifuko kinachovaliwa kwenye kitako cha bunduki chenye vitanzi vitano. Bunduki ikishikwa, akiba imeshikwa. Zamu ikibadilishana, zinakwenda pamoja na zinahesabika kwa jicho moja. Ubaya wake ni lastiki: risasi zikilala humo miezi, inalegea. Sisi tunazitoa kila asubuhi kwa ajili ya hesabu, kwa hiyo inapumzika.

Ngozi halisi hailegei upesi, ila usiifanye stoo. Risasi zikikaa ndani ya ngozi muda mrefu, shaba inaota ukungu wa kijani unaonata, na yenye ukungu inaweza kukwama kwenye chemba siku unayoihitaji. Vibao vya ubavuni ni vizuri kwa wepesi, risasi iko sentimita chache tu kutoka inapoingilia, lakini msikaze skrubu kwa nguvu zote. Ukizidisha unaubana mwili wa bunduki na kukokota kunakuwa kuzito. Katika vibao vyetu vitatu kimoja tu ndicho kilichokaa, na hicho nacho kilifanya bunduki ikwaruze wakati wa kukokota mpaka tukakivua.

Kabla ya kulipa, jaribuni hivi, na silaha iwe tupu. Jazeni risasi za mazoezi zisizo na baruti, shaba zote upande mmoja. Pindueni kichwa chini, mtikise, mvae na mruke mara kumi. Isidondoke hata moja. Kisha mlinzi mwenyewe, si msimamizi, afumbe macho na achomoe moja kwa mkono mmoja. Ikimshinda, imebana mno. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, au anayetaka hela zote kabla hujashika bidhaa, mwacheni.

Soksi tunazotumia leo ametushonea fundi wa mabegi hapahapa mjini, kwa turubai na lastiki iliyokunjwa mara mbili. Tulimpa maganda matupu ya kupimia, kamwe msimwachie fundi risasi nzima. Alishona moja, tukairusharusha uani mbele yake, vitanzi viwili vikalegea, akavifumua na kuvirudia. Tukamlipa zilipotoka zote.

Ujumbe wa yule mtu na risiti za miamala nimevipeleka polisi. Akaunti yake aliifuta, kisha wiki mbili zilizopita ikaibuka nyingine, jina jipya na picha zilezile. Itambueni kwa ile meza iliyoungua kona ya kulia. Nilimwandikia kwa namba ya mdogo wangu, nikamwomba apige picha ya mkanda uleule ukiwa na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo pembeni. Ameusoma ujumbe, na hajajibu mpaka naandika hapa.