Apple TV 4K sebuleni kwetu Makindye, Kampala: kiboksi safi, bando ndo linalia

Kwanza tuelewane majina maana hawa Apple wamechanganya watu. Apple TV ni kile kiboksi cheusi unachochomeka kwenye TV, Apple TV ni programu unayofungua humo ndani, halafu ile huduma ya filamu ya kulipia kila mwezi iliyokuwa inaitwa Apple TV+, Oktoba 2025 wakaikata alama ya kujumlisha, nayo sasa ni Apple TV tu. Mtu akikwambia kanunua Apple TV muulize ipi. Mie nimenunua kiboksi, kile cha 4K (picha kali kupita HD) kilichotoka 2022, nakaa nacho wiki ya sita hii.

Shemeji ndo alinibebea kutoka Dubai alipoenda kufunga mzigo. Marekani kilitoka kwa dola 129 cha GB 64 na dola 149 cha GB 128, hapa mjini maduka mawili niliyouliza wakaniimbia laki saba unusu, nikasema asante nikatoka. Uzuri wa cha Dubai plagi yake ni ya meno matatu kama ya kwetu, hutafuti adapta.

Sasa fungua boksi. Kiboksi, rimoti, waya wa umeme, basi. Waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha kwenye TV, hamna! Hela yote hiyo na waya wa HDMI ukatafute mwenyewe, na wa kuchaji rimoti pia hamna, bahati rimoti inatumia USB-C kwa hiyo chaja ya simu ya mama watoto inafanya kazi. Usiku huohuo nikapanda boda kwenda kutafuta waya, elfu ishirini na tano imeondoka hivihivi.

Ila kikishawaka, banange, kinateleza. Nilizoea TV yenyewe, unabonyeza kitu unaenda kuchemsha chai unarudi bado inafikiria. Hiki unagusa kimefunguka. Ni kidogo, kinatosha kwenye kiganja, hakina feni kwa hiyo hakivumi, na umeme ukikatika ukirudi (umeme wa kwenye waya naongelea, sio Umeme ile kampuni ya kusambaza umeme Uganda iliyoondoka 2025) kinaamka chenyewe bila kukusumbua. Shida inabaki ruta, ile ndo inachukua dakika zake, ndo maana nikanunua kibetri chake na sijutii.

Mzee wangu alistaafu jeshini, Kiswahili chake ni kile cha kambini cha kutoa amri, akasikia rimoti ina maiki akaishika kama redio koo, "Leta habari!" Kimya. "We, leta habari upesi!" Kimya. Nikamwambia mzee, Siri, yaani ile sauti ya Apple unayoiamrisha, Kiswahili haijui, ongea Kiingereza. Akaiweka mezani akasema kama haijui basi ikajifunze kwanza. Kwa kweli nipo upande wake, lugha inaongelewa kuanzia hapa mpaka Msumbiji na hiyo kampuni ilivyo na hela.

Tuje kwenye bando, hapa ndo nilikaa chini. Kwa picha ya 4K Apple wanashauri intaneti ya megabiti 25 kwa sekunde, ukipiga hesabu kasi hiyo ikitumika yote ni kama GB 11 kwa saa. Saa moja! Kama unatumia bando la simu na ile kodi ya asilimia 12 kwenye data tuliyobebeshwa tangu Julai 2021, usijaribu, utamaliza bando la mwezi kwa jioni moja. Wiki ya kwanza mie nilimaliza letu hivyo, watoto wakaniangalia kama mwizi. Nikaingia setingi nikashusha picha mpaka HD ya kawaida na kwenye TV yetu ya inchi 43 sioni tofauti, wallahi. Wenye faiba nyumbani ndo kitu chao hiki, na wao nawashauri wachukue cha GB 128, maana kile cha GB 64 hakina tundu la waya wa intaneti, ni wifi peke yake, na kuta za nyumba zetu mnazijua.

Huduma yenyewe nipo kwenye miezi mitatu ya bure inayokuja ukinunua kifaa kipya, japo kadi yangu ya benki ilikataliwa mara mbili kabla ya kukubali. Filamu zao ni chache ila zimetulia, hawa ndo huduma ya kwanza ya mtandaoni kubeba Oscar ya filamu bora, 2022. Mnaweza kugawana watu sita familia moja, hiyo naipenda. Bei ndo inapanda kama mafuta, Marekani walianza dola 4.99 mwaka 2019, sasa 12.99. Na Ligi ya Uingereza humo haipo, usije ukasema sikukwambia, Jumamosi bado ni kibandani au king'amuzi. VJ Jingo, yule wa kutafsiri filamu kwa Kiganda, naye hamna kwa hiyo bibi yangu hakai hata dakika kumi, anasema filamu bila mtu wa kuitafsiri ni kuangalia watu wanatembea.

Kitu kimoja ningekijua mapema: programu ya Apple TV ipo tayari kwenye TV nyingi za Samsung na LG, na kwenye simu za Android imeingia Februari 2025. Kama unataka filamu zao tu, cheki TV yako kwanza, huenda kiboksi hukihitaji kabisa. Na kwenye simu unaweza kudaunlodi ukiwa kwenye wifi ya kazini ukaja kuangalia nyumbani bure, kitu ambacho kiboksi hiki hakifanyi. Mama watoto anafanya hivyo, mie niliyetoa hela ndo nahesabu GB.

Mwenye duka linalouza waya wa HDMI mzuri aniambie, huu wa usiku ule umeshaanza kulegea.